Tamthilia Niliyokusimulia Nyuma ya Pazia

Baba mkwe, shikamoo.

Najua umeshaitikia marahaba huku umegeuza uso pembeni, maana kwako hata barua ya mkamwana ina heshima yake. Haya, geuka usome. Maandishi nimeyafanya makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza, ingawa mwanao ananiambia siku hizi unashona nyavu zako mwenyewe na hutaki kusaidiwa. Nimefurahi mpaka nimepiga kigelegele peke yangu jikoni.

Amenipa na ujumbe wako. Umefunga sola, umenunua runinga, na unataka nikuwekee kwenye flashi filamu za kuangalia hapo Lundo: zile za makala, na ile tamthilia yetu ya Wafilipino, yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliposema "hadi mwisho" moyo ulinilipuka paa! Baba, nina kesi. Ule mwisho niliokusimulia haumo kwenye tamthilia. Nimekaa siku tatu naiangalia hii flashi, nikijiuliza niiache humo sehemu ya mwisho au niifute, na ukiijua kweli utaniona mtu wa namna gani.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Mbinga mwaka ule wa mvua nyingi? Macho yalikuwa yameziba kwa mtoto wa jicho, na Mama, mkeo, ndiyo kwanza tulikuwa tumemzika. Mwanao alikushusha kwenye gari, akakuonyesha kiti, kesho yake akarudi Ngaka kwenye malori yake ya makaa ya mawe. Tukabaki wawili, Neema hajazaliwa bado. Mimi Mmatengo wa kwenye kahawa, nisiyejua hata kumpara samaki, na wewe mzee wa ziwani uliyetaka mwanao aoe msichana wa pwani ya kwenu. Mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, wala hawasemeshani hovyo. Na nyumba haikuwa na mtu mwingine wa kupeleka maneno. Ukaamua kumtumia ukuta.

"Ukuta, mwambie mkamwana chai imekuwa na sukari nyingi."

Mwenzio nikawa najibu nikiwa koridoni: "Ukuta, mwambie Baba nimesikia." Wiki mbili nzima! Jirani alikuja kuomba chumvi akadhani tumerukwa na akili.

Halafu mvua ikakufungia ndani na upweke ukaanza kukula. Ulikuwa huli, unauliza tu saa ngapi. Nikawasha runinga, nikaigeuza kidogo ili nikikaa nyuma ya pazia la mlango nami nione. Wewe ulikuwa unasikia sauti tu, tena Kifilipino, na yale maandishi ya Kiswahili ya chini huyaoni. Nikaanza kukusimulia. Huyu ndiye kaka mkubwa, huyu mwenye nyumba ana roho mbaya, huyu dada anapenda mtu asiyependeka. Siku ya tatu nikasikia, "Ukuta, mwambie huyo dada ni mjinga." Nilijua umepona nusu.

Tatizo likawa mapenzi. Wale watu, Baba, hawana aibu! Muziki unakuwa laini, wanasogeleana, mimi nyuma ya pazia jasho linanitoka. Ningemwambia nini baba mkwe wangu? Nikawa nasema, "Wanasalimiana." Kila sehemu wanasalimiana. Wewe ukasema watu wa nchi ile wana adabu sana.

Kumbe siku za aibu zilikuwa zinakuja. Ulipofanyiwa operesheni na kufunguliwa bandeji, jambo la kwanza uliloomba kabla ya kurudi kwenu ni sehemu ya kwanza tu ya tamthilia, uwaone wale watu sura. Nilisema mkanda umeharibika. Nilisema umeme utakatika. Wapi! Muziki ukawa laini, wakasogeleana, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Ukakohoa.

"Ukuta, hebu muulize mkamwana. Hawa wakisalimiana ndiyo hivi, wakiagana inakuwaje?"

Ukacheka mpaka nikaogopa utaumiza jicho. Nami nikacheka nimejishika kwenye fremu ya mlango. Kisha ukasema, bila ukuta, bila nani, "Mkamwana, niletee chai." Nilikuletea chai hiyo nikilia kwa furaha, sukari nikasahau kabisa, na ukainywa yote.

Basi sikiliza nilichokuwekea. Ya kwanza ni ile ya samaki wanaowabeba watoto wao mdomoni. Usimgombeze tena msimuliaji, maana safari ile ulimwambia, "Umegundua nini wewe? Babu yangu aliwajua hawa!" Ya simba ni nzuri sana ila usiiangalie ukiwa unakula. Ipo na moja ya kahawa: sisi huku tunavunjika migongo milimani, kumbe huko inakokwenda kuna mtu kazi yake ni kuchora ua juu ya povu la kikombe. Mwite jirani yako yule mbishi aione, maana hatakuamini ukimsimulia. Ya wachimba makaa nimeitoa kwa makusudi. Mwanao ni mzima na anakula vizuri, huna haja ya kuona mashimo.

Nimeongeza tamthilia mpya, ya dada wawili na duka la vitambaa. Nimeiangalia yote mwenyewe kwanza. Salamu zipo mbili tu, tena fupi.

Sasa nirudi kwenye kesi yangu. Unamkumbuka yule mama wa kwenye tamthilia, aliyelazwa hospitali? Kila asubuhi kabla hata ya uji ulikuwa unauliza, "Yule mama ameamkaje?" Nami nilijua unayemuuliza ni nani. Ilipofika sehemu ya mwisho, nawe bado huoni, Baba, mama yule alikufa. Walimzika. Mdomo wangu ulikataa kusema. Nikakuambia amepona, amerudi nyumbani, amefunga kitenge chake anapika.

"Anapika nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

Mimi samaki wa kwenu namjua mmoja tu. Nikasema, "Mbasa."

"Mbasa," ukasema. "Vizuri." Ukala ugali wako ukamaliza, mara ya kwanza tangu ufike. Kesho yake ukaniomba nirudie sehemu ile. Na keshokutwa tena. Nilisimulia mara tatu, na kila mara nikiongeza nyanya na bizari kwenye mchuzi.

Jana mchana nilikuwa naijaribu flashi kabla ya kumpa mwanao akuletee. Nimeipa runinga mgongo, nachambua maharage, na sehemu ya mwisho inacheza. Sikuangalia kitu, nilisikia tu. Baba, mikono ilisimama kwenye ungo. Wanawake wanalia vile wanavyolia hata kwetu. Kengele ya kanisa inagongwa moja moja. Halafu koleo, na udongo unaanguka juu ya mbao. Hakuna mwenye masikio asiyejua ile ni nini, sembuse wewe uliyekuwa huna kingine ila masikio, na uliyetoka kuisikia makaburini miezi miwili tu nyuma.

Ulijua. Ulijua siku ile ile, na bado ukauliza ni samaki gani. Mimi nilidhani nakuficha msiba, kumbe ulikuwa unaniachia nimponye, ukanirudisha mara mbili nimponye tena. Nimelia, lakini kilio chenyewe sikijui jina, maana nilikuwa natabasamu.

Basi nimeiacha humo. Ipo yote hadi mwisho, kama ulivyotaka, na huna mkamwana mwongo, una mkamwana aliyeshindwa kusema. Ila nakuomba ile ya mwisho usiifungue peke yako. Kahawa ikishavunwa nakuja Lundo, tukae tuiangalie wote. Na mama yule akianza kuzidiwa, tutazima sauti, nami nitakuambia amepika nini.

Ni mimi mkamwana wako,
Mama Neema, Mbinga.