Kilichomfunga Mdomo Binti wa Manyoni

Dada yangu Monika,

Shikamoo. Naamini mguu wako umepungua uvimbe. Mvua zimefika Ilongero? Mtama umeshika? Mimi ni mzima ila nimechoka. Kazi ya kuogesha wazee haina mapumziko, na baridi ya Uholanzi sijaizoea mpaka leo.

Umeniandikia niache ile kazi nyingine, ya kuwatafsiria wakimbizi waliofukuzwa makwao kwa kupenda wa jinsia yao, maana watu wa jumuiya ya kanisani huko nyumbani wananisema. Sijakasirika. Nikusimulie habari za Sauda, kisha unihukumu.

Sauda ni binti wa Manyoni. Alikuwa akiuza mitumba na msichana mwenzake, wakiishi chumba kimoja karibu na stesheni. Ilipojulikana kuwa wanapendana, kaka za yule mwenzake walikuja na marungu. Mwenzake hakupona. Sauda alikimbia, na huku Uholanzi ilimpasa awaeleze watu wa uhamiaji hayo kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo arudishwe.

Siku ya mahojiano, aliposikia natoka Singida, akapiga goti. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza na habari za nyumbani. Hapo ndipo tulipoharibu. Afisa alipomuuliza yule mwenzake alikuwa nani kwake, akatazama meza.

"Tulikuwa tunaishi tu."

Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Nikatafsiri vilevile, maana mkalimani haongezi neno. Wakili wake akatoka amenuna, akaniambia kwa maelezo hayo watamrudisha.

Kwenye korido nikamuuliza, "Mwanangu, mbona husemi?"

"Mama, mambo ya chumbani nitayasemaje mbele yako? Wewe si sawa na mama yangu?"

Wazungu wangejuaje hilo? Kwao anayenyamaza anadanganya. Nikamweleza wakili, akaomba mahojiano mengine na mkalimani mwingine, msichana wa Bujumbura wa rika la Sauda, mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Mimi nikakaa nje kwenye benchi. Iliniuma, sikufichi. Sauda alitoka macho yamevimba, nami sikumuuliza kitu.

Wamemkubali abaki, dada. Juzi akaniomba nimpigie mama yake, yeye hana ujasiri. Nikapiga kwenye duka la simu la jirani yao, yule mama akaitwa. Nikamwambia binti yako amepata pa kukaa.

"Mwambie asirudi," akasema.

Sauda alikuwa ameweka sikio karibu na langu. Akajitoa, akaenda kusimama dirishani. Ndipo yule mama akashusha sauti, nadhani kwa kuogopa wenye duka.

"Anakula lakini?"

Nikamwita Sauda, nikampa simu amjibu mwenyewe.

Basi hiyo kazi siachi. Ukienda Manyoni usimtafute yule mama, watu wasije wakaanza kumuuliza maswali.

Nisalimie shemeji, mama mkubwa wa Mgori, na mjomba anayechunga ng'ombe wetu. Wa jumuiya nao wasalimie, hata wanaonisema.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Salome