Maker na honi ya mama mkwe

Poni wee! Maker jana amempigia honi mama wa mchumba wake Adeng! Na wazee wanakutana Jumamosi kuongea posa!

Unajua sisi mama mkwe hatumkodolei macho barabarani, tunampisha. Maker akakata usukani ampishe. PIIII! Akakata upande ule mwingine. PIIII! Mama amesimama tu, mkono kiunoni. PIIII!

Akatorokea kwa fundi Romano. Kufungua usukani, ule utepe wa waya unaojiviringisha ndani umechunika, kila ukikata kona unagusa chuma, honi inalia yenyewe. Romano akaweka mpya: "Kalas, imekwisha, sasa gari iko na adabu."

Leo Maker akampita mama kimya, kichwa chini.

Saa hii Adeng amenipigia: "Mama anauliza amemkosea nini Maker. Jana alimsalimia mara tatu, leo hata honi moja hakuna!"