Kipa wa Nambilanje Aliyelia Golini

Kaka Hamisi,

Familia yote inatangaziwa rasmi kwamba mdogo wako ameingia Nachingwea leo akiwa amenyolewa ndevu upande mmoja tu. Niliinuka kitini kwa hasira, kwa kinyozi mmoja kule Ruangwa, kazi ikiwa katikati.

Bwana yule anajua visa vyote vya mpira wa huku. Leo akawasimulia wateja fainali ya ujana wetu, kati ya timu za Nambilanje na Kiegei. “Kipa wa Nambilanje alihongwa jogoo,” akasema. “Akaachia bao huku analia kwa aibu.” Watu wakacheka. Kipa mwenyewe ni wewe, Kaka.

Nikamwambia, “Kaka yangu hajahongwa hata yai. Koma.”

“Sasa mzee, alikuwa analia nini?”

Hapo ndipo nikainuka na kutoka. Hasira bado ninayo, na sasa najikasirikia mwenyewe, maana jibu nilikuwa nalo. Siku ile mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchora mistari ya uwanja kwa majivu. Nilipofika golini majivu yakapungua, nikachota salfa ya baba ya kupulizia mikorosho, nikaichanganya humo ili baba asiitambue. Ulipojirusha kudaka, vumbi lile likakujaa machoni, ukawa huoni mpira wala mtu. Nikakuangalia ukijifuta machozi, nikanyamaza. Nimenyamaza hadi leo.

Kesho narudi Ruangwa kuyasema haya mbele ya wateja wake. Nimetaka uyasikie wewe kwanza. Msalimie sana shemeji, na unisamehe.

Mdogo wako,
Saidi