Gauni la Bluu Lenye Mistari Mitatu

Mama mupenzi,

Amani ya Bwana ikufikie huko kambini Juru. Huku Mbarara mvua haijakatika tangu asubuhi, na nguo nilizoshona za kuuza zimetundikwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa.

Gauni la bluu ndilo linasimamisha watu. Unakumbuka kule Uvira ulikuwa unatushonea magauni marefu na kukunja pindo ndani, halafu kila mwaka unalishusha kidogo, mustari wa zamani unabaki pale pale? Nimeshona la mtu mukubwa, lenye mistari hiyo mitatu.

Mwenye duka, Munyankole mmoja mwema, alikuja na pasi ya moto. "Madamu, hii ni ya mitumba? Leta nitoe hizi alama." Nikamushika mukono. Kabla sijaeleza, mama Murundi aliyekuwa amejikinga mvua alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mistari. "Hapa miaka sita. Hapa saba. Hapa munane." Kisha akageuza pindo, akatafuta ndani. "Na tisa iko wapi?"

Gauni langu la wakati ule ulisema utalishusha Noeli, mama, na kabla ya Noeli tukakimbia. Lilibaki kwenye kamba.

Jioni hii nimefumua pindo la lile la bluu na kulikunja upya, vidole vinne ndani. Mungu akutunze mpaka Jumamosi. Ninakuletea, ulishushe wewe.

Mutoto wako,
Neema