Baba, Wameniuliza Kwa Nini Warusi Walishindwa

Baba,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu lingekufurahisha kuliko mengine yote. Halafu nitakuja kwenye kilichoniudhi, maana nimeudhika na sina wa kumwambia ila wewe.

Anaitwa Salim. Ni wa Mombasa, anatengeneza programu za kompyuta katika kampuni moja huku Virginia, na akicheka macho yanapotea kabisa. Tunakaa Falls Church, ghorofa ya tatu, magari yananguruma chini ya dirisha mchana kutwa na mimi nayasikia kama taarabu. Asubuhi ananichemshia chai kabla sijaamka. Ananiita mahabuba hata mbele ya mtu wa kuleta vifurushi. Baba, nampenda mtu huyu mpaka nikiona viatu vyake mlangoni natabasamu peke yangu. Ndiyo maana aliponiumiza, niliumia vibaya.

Ilikuwa Jumapili, kwa mjomba wake huko Lanham, chakula cha kumkaribisha bibi harusi. Mjomba Athumani akaniuliza marehemu baba yangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikajibu kwa kujivunia: alikuwa mtu wa kompyuta, alisomea Kiev, enzi za Muungano wa Kisovieti. Salim, sambusa mdomoni, akasema, "Kusomea kompyuta kwa Warusi ni kama kwenda jangwani kujifunza kuogelea."

Meza nzima ikacheka. Mjomba akajipiga paja, "Huyu kijana ataniua." Na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu bibi harusi hanuni mbele ya wakwe.

Ndani ya gari, kwenye barabara kuu ya Beltway, nikanuna kwa uhuru wangu.

"Mahabuba, ulikuwa mzaha tu."

Nikamwambia baba yangu si mzaha. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Basi nieleze. Watu walirusha binadamu angani kabla ya wengine wote. Mabingwa wa hesabu. Kwa nini kwenye kompyuta waliachwa vile?"

Sikuweza. Mimi na kidato changu cha nne. Nilijua jibu lipo, nimelisikia tangu utotoni, wewe ukiwa na bisibisi ndani ya tumbo la redio ya mtu pale barazani Tanga, lakini kwangu lilikuwa vipande vipande. Nikabaki kutazama taa nyekundu za magari ya mbele. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, na niwie radhi Baba, nilikukasirikia na wewe kwa kwenda zako.

Siku zilizofuata nikawa naosha vyombo huku nakusanya vile vipande.

Kuna mwalimu wako, uliyemwita Mama wa Kiev. Ulisema vidole vyake vilikuwa na alama za kuungua kwa kulehemu, kwa sababu ujanani alikuwa katika kundi lililojenga mashine ya kwao wenyewe, iliyobuniwa tangu mwanzo na vichwa vyao. Ulisema ilikuwa mashine nzuri. Halafu amri ikashuka kutoka Moscow: acheni hizo za kwenu, kila mtu na mtindo wake, sasa wote tunaiga mashine ya Wamarekani. Na sababu ilionekana ya akili. Ukiwa na mashine kama yao, unatumia na programu zao bila kuumiza kichwa kuziandika. Yule mama alikwambia, nawe ukaniambia huku unakaza skrubu, "Anayeiga hufika wakati mwenyewe ameshaondoka."

Kuna na yule meneja wa kiwanda ulikopelekwa kwa mafunzo. Kompyuta ilikuwa imefika, na kwenye mpango wa serikali imeandikwa imefika, basi kazi imekwisha. Ukaikuta imefunikwa kitambaa na juu yake chungu cha maua. Meneja hakuitaka. Alikuwa na vipuri alivyovificha ghalani kwa siku ya dhiki, kama mameneja wenzake, na mashine ingemwambia mkubwa wake kila kilichomo. Hapo ulikuwa ukicheka mpaka unakohoa. "Mashine ya kusema kweli," ulisema, "utaiweka wapi katika nyumba ambayo kila mtu anaogopa kusema kweli?"

Na zile taasisi mbili za mtaa mmoja, kila moja na wizara yake, zikiandika programu ileile bila kujuana, kwa kuwa kazi ya huyu ilikuwa siri kwa yule.

Kwa nini sikuyasema haya ndani ya gari? Yananijia nikiwa na povu mikononi, mwenyewe Salim yuko kazini.

Wiki iliyopita Salim akarudi mapema, akakaa jikoni bila kuvua koti. Nikamuuliza kuna nini.

"Wametufutia kazi. Ile programu tuliyoijenga wenyewe. Bosi ameona ya washindani inauzika, anataka tuiache yetu, tutengeneze kama ile. Na tukimaliza kuiiga, mahabuba, wao washatoka na nyingine. Tutakuwa tunakimbiza vumbi."

Niliweka mwiko chini, Baba. Nikamwambia, hayo ni maneno ya baba yangu. Akanitazama kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua.

Nikamweleza kwa njia niliyoiweza, ya sufuria. Tangu harusi nimekuwa naiga pilau ya mama yake kwa simu ya video. Yangu, ile uliyokuwa ukigombania ukoko wake, nimeiacha. Mama mkwe yuko Mombasa jikoni kwake, mimi naona mkono tu unatupa kitu ndani, sijui anakitupa kwa nini. Siku niliyoipatia sawasawa, mama akasema, "Mwanangu, mimi siku hizi hata nyanya siweki."

Salim akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Ndivyo walivyofanya Warusi?"

Ndivyo, nikasema. Na ya kwao wakaiacha ikapoa jikoni.

Nikampa na meneja na maua yake, na taasisi za mtaa mmoja. Akavua koti. Akaanza kuuliza. Hivi Mama wa Kiev aligoma? Ile mashine yao Baba aliwahi kuiona ikifanya kazi? Waliwezaje kutengeneza ya kuiga bila kuulizana na walioibuni?

Sikujua hata moja, na hasira ikanirudia, safari hii ya aina nyingine. Wa kuulizwa amelala Tanga. Wa kuuliza yuko jikoni kwangu na macho yamemtoka. Mngekaa nyie wawili mpaka chai ipoe. Katikati niko mimi, na vipande.

Nilimwambia pia jambo ambalo limenikaa kooni. Kwamba ulirudi nyumbani na elimu yako, na shirika lililokuajiri lilipopata kompyuta zikawa za Magharibi, vijana wa ofisini wakakubandika jina la Mrusi, wakikuona unaanza upya. Ukaondoka, ukafungua meza ya redio. Miaka yote nilidhani ulipenda redio.

Salim alinishika mkono wenye harufu ya vitunguu akaubusu.

Jumapili hii tukarudi Lanham. Nilijua ule mzaha utakuja, na ukaja hata kabla ya wali. Mjomba Athumani akawaambia wageni wapya, "Huyu bibi harusi wetu, baba yake alikwenda jangwani kujifunza kuogelea." Watu wakaanza kucheka. Nikainamisha uso.

Salim akaweka kijiko chini.

"Maji yalikuwepo, Mjomba," akasema. "Yalifukiwa kwa amri. Mkwe wangu alikuwa akionyesha mahali yalipofukiwa."

Mjomba akasema, "Enhe, hebu tusimulie." Salim akasimulia, na alipokosea kuhusu yule meneja nilimrekebisha, nikasimulia mimi mwenyewe mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka ila pale pa chungu cha maua, ambapo hata wewe ulicheka.

Hasira haijaisha, Baba. Nadhani itaisha siku nitakayojua kama yule mama aligoma. Lakini nakuahidi hili: mezani petu, atakayetaka kukucheka ataulizwa kwanza swali la Salim la ndani ya gari, na atakaa mpaka alisikie jibu. Na Ijumaa napika pilau ya Tanga. Ukoko ni wako.

Pumzika, Baba yangu.

Mwanao,
Zuhura