Mrija Wangu Mtungini

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Kwa heshima na taadhima, ukoo mzima wa Murusagamba unakutangazia kwamba kuku wangu mweusi ameatamia wiki tatu akatotoa kifaranga kimoja. Sisi wengine hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna maharage.

Unauliza kama uwakubalie watafiti wa hapo chuoni wanaotaka kuchunguza pumu yako ya ngozi, maana unaona aibu kuonyesha mikono. Aibu ya nini? Ngozi hiyo umeirithi kwangu.

Kwenye harusi ya dada yangu, nikiwa bado sijaolewa, watu walizunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Nilipotumbukiza wangu, shangazi akauchomoa.

"Toka hapo na magamba yako, utatuambukiza!"

Nikamwambia, "Shangazi, tangu utotoni nalala kitanda kimoja na bibi harusi. Mkagueni. Mkimkuta na kipele kimoja, naondoka mwenyewe."

Wakamkagua kweli, mpaka nyayo, bwana harusi akisubiri amenuna. Hawakuona kitu. Nikarudishiwa mrija, nikakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko ili waone vizuri, nikanywa polepole kuliko wote.

Ule nao ulikuwa utafiti, ila hakuna aliyeuandika. Wewe nenda wakuandike. Waulize maswali yako yote kabla hujaweka sahihi, na usijifunike.

Shangazi nilimshinda siku ile. Ngozi inaniwasha mpaka leo.

Bibi yako