Bibi kanisemea kwa daktari

Jumatatu

Bado nacheka peke yangu. Mwaka mzima namwambia daktari naumwa tumbo, nameza dawa za minyoo, maumivu yako palepale. Ukweli yako chini, kwenye kinena, hata kukaa shida. Naona haya kusema.

Leo bibi mzaa mama kanifuata mpaka ndani. "Daktari, mume wangu huyu mwongo! Haumwi tumbo, anaumwa kinena. Mie mkewe hanifichi."

Daktari kacheka mpaka kavua miwani. Kisha kanipima pale penyewe. Kasema ugonjwa bado hajaujua, ila sasa anajua pa kuutafuta. Vipimo Alhamisi.

Majibu nayaogopa. Lakini raha niliyonayo! Bibi anataka twende tena wote. Nimemwambia abaki, nitasema mwenyewe.